Kliniki ya meno inayotuliza: mwongozo kamili wa kupanga na kupamba kwa aliye Tanga

Mgonjwa wa meno akishalala kitini hana kazi ila kutazama. Mdomo uko wazi, mikono iko kifuani, kusema hawezi. Vinavyobaki kazini ni macho, masikio na pua. Kwa hiyo anayepanga kliniki ya meno aanze na viungo hivyo vitatu, tena vya mtu aliyelala chali, kabla hajawaza makochi na kibao cha nje. Kliniki nyingi hufanya kinyume: pesa huishia kwenye meza ya mapokezi inayong'aa, na mgonjwa akilala anakutana na dari nyeupe, taa inayochoma macho na doa la mvua ya mwaka juzi.

Msimamo wangu nauweka mapema, maana hatua zote zinaufuata. Mimea, mbao, mikeka na udongo viishie mlangoni mwa chumba cha tiba. Ndani ya chumba chenyewe, asili iingie kwa dirisha, kwa mwanga, kwa rangi na kwa dari tu. Drili inapozunguka hurusha ukungu wa maji, mate na damu, na ukungu huo hutua popote. Kitu kisichoweza kufutwa kwa dawa ya kuua vijidudu kila mgonjwa anapoondoka hakina nafasi humo, hata kiwe kizuri namna gani.

Na kwamba jicho likiona mti mwili hutulia, si maneno ya wauza maua. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science rekodi za hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Wagonjwa 23 waliopasuliwa kifuko cha nyongo na kulazwa vyumba vinavyotazama miti waliruhusiwa mapema zaidi, na walihitaji dawa kali za maumivu chache, kuliko wenzao 23 waliotazama ukuta wa matofali.

Hatua ya 1: Isome nyumba kabla ya kuigusa

Tuchukue mfano wa wengi: umepanga nyumba ya Kiswahili Ngamiani. Baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, ua nyuma. Kwa kliniki ya meno ramani hii ni bahati. Baraza na vyumba vya mbele viwe vya kusubiri na mapokezi. Vyumba viwili vya mwisho viwe vya tiba, kwa kuwa ukuta wao wa nyuma ndio unaopakana na ua, na hapo ndipo pa kutoboa dirisha. Ua utakuwa bustani ya kutazamwa na mtu aliyelala, si ya kukaliwa.

Kabla ya kutoboa, elewana na mwenye nyumba kwa maandishi, kisha mlete fundi mwashi augonge ukuta. Nyumba za zamani za miti na udongo haziwezi kubeba dirisha pana bila linta mpya, yaani boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha. Ukuta wa mawe ya matumbawe unabeba, ila haupendi rangi ya plastiki upande wa nje. Unataka chokaa ili unyevu utoke.

Chumba cha eksirei kiamuliwe kwanza kabisa. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo inayotoa leseni ya vifaa vya mionzi, na masharti ya kinga ndiyo yatakayoamua unene wa ukuta na aina ya mlango. Hali kadhalika matakwa ya Wizara ya Afya kuhusu vyumba na usafishaji wa vifaa. Ukipaka rangi kwanza ukaja kubomoa baadaye, utalipa mafundi mara mbili.

Hatua ya 2: Jua na upepo

Tanga iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na hilo linakupa hesabu rahisi. Mwezi Juni jua la adhuhuri linaegemea kaskazini, kwenye nyuzi kama 61 juu ya upeo. Desemba linaegemea kusini, nyuzi kama 71. Maana yake, dirisha linalotazama kaskazini au kusini ni rahisi kulikinga: ubao wa kivuli au paa lililochomoza sentimita 80 juu yake hutupa kivuli cha karibu mita moja na nusu adhuhuri ya Juni, na zaidi ya mita mbili Desemba upande wa pili. Dirisha la magharibi ni tabu. Jua la saa kumi linaingia chini ya kila paa, na daktari anayeziba jino analipata usoni. Kama chumba chako kinatazama magharibi, kinga yako ni mti au ukuta wa matofali ya nakshi yenye matundu, uwekwe mita moja au mbili nje ya dirisha.

Upepo nao una ratiba. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia kama Desemba hadi Machi. Kusi huchukua zamu kuanzia Aprili, ukitoka kusini-mashariki. Jengo la zamani la hospitali pale Bombo lilijengwa na watu waliolijua hilo. Wewe unachotaka ni hewa iingie ukumbini, ipite chumba cha tiba, itokee uani, isirudi kwa wanaosubiri. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hakifanyi hivyo. Kinapoza na kuzungusha hewa ileile. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka lita 160 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa mahali panapofanyika kazi za kurusha ukungu. Kwa hiyo, pamoja na kiyoyozi, weka feni ya kutoa hewa kwenye ukuta wa uani, na muulize fundi uwezo wake kwa lita, asikutajie ukubwa wa feni tu.

Hatua ya 3: Dari

Hapa usibane matumizi.

Lala mwenyewe kwenye kiti, kikiwa kimeshushwa kabisa, ukae dakika kumi na tano, taa zote zikiwa zimewashwa. Mlaze na mtu mrefu, mlaze na mtoto. Mwambie kila mmoja aseme anachokiona. Utaambiwa habari za waya, misumari, buibui, na ile taa ya dari iliyo juu ya pua yake. Taa za dari zikae pembeni mwa kiti, kulia na kushoto, zenye kifuniko kisichopenyeza macho kinacholainisha mwanga, zisiwe juu ya uso. Panga boi lisiwe juu ya kiti kabisa: linakusanya vumbi, linatawanya ukungu chumba kizima, na likipita chini ya taa mwanga unapepesa hadi kichwa kiume.

Halafu picha. Wapambaji wengi hubandika darini picha ya ufukwe au mlima. Kosa. Aliyelala chali haoni upeo wa bahari. Ukimwekea mstari wa bahari juu ya kichwa, macho yanagoma bila mwenyewe kujua kwa nini. Weka kile ambacho mtu hukiona kweli akilala chini: makuti ya mnazi yakipishana na mbingu, chini ya mwembe saa nne asubuhi, matawi ya msitu wa Amani yakiacha tundu la mwanga. Mpigapicha alale chini na kamera aitazamishe juu. Picha iwe moja kubwa, ifike angalau mita moja na nusu kwa urefu, ichapishwe kwenye plastiki ngumu inayofutika au iwekwe juu ya paneli ya taa ya LED. Zile paneli zinazouzwa tayari zenye mawingu na maua ya cheri mimi sizipendi. Mtu wa Makorora hajawahi kulala chini ya mcheri.

Kwenye chumba cha watoto, chora ndege na vinyonga wachache waliojificha kwenye majani, watoto wawatafute. Silikanti, samaki wa kale wa baharini, ni fahari ya Tanga, na hifadhi yake ya bahari ilianzishwa mwaka 2009, lakini samaki yule na meno yake abaki mapokezi.

Dari yenyewe iwe ya jipsam iliyopakwa rangi ya kufutika, isiyo na vigae vya kuning'inia vyenye vitundu. Na makuti ndani ya kliniki, hapana, hata mapokezini. Yanadondosha vumbi, yanafuga wadudu, na moto ukiyashika hayakupi nafasi ya kutoa mgonjwa. Kama unayapenda, yafanyie kibanda uani, mbali na mitungi ya oksijeni.

Hatua ya 4: Kiti kielekee wapi

Miguu ya mgonjwa ielekee dirisha la uani. Kabla hajalazwa anaona bustani. Akilazwa anaona sehemu ya juu ya dirisha, matawi na picha ya dari. Kizingiti cha chini cha dirisha kiwe kama sentimita 90 kutoka sakafuni, na cha juu kipande kadiri linta inavyoruhusu.

Kuna ubishi wa kweli hapa. Daktari akikaa nyuma ya kichwa cha mgonjwa, naye anatazama dirisha, na mwanga ukiwa mkali macho yake yanachoka kabla ya adhuhuri. Dawa yake ni kijani cha nje kiwe kizito na karibu, mbingu ionekane kidogo tu, na dirisha liwe na pazia la kukunja la plastiki linalofutika. Nyavu za mbu ziwekwe za kutoka kwa urahisi, zioshwe. Wavu uliojaa vumbi unakula upepo.

Mlango usifunguke ukamwonyesha mgonjwa kwa waliopo ukumbini. Mwanamke aliyevaa buibui, aliyelazwa chali na mtandio umelegea, hawezi kutulia kama kila apitaye anamwona. Skrini fupi ya ukuta ndani ya mlango inatosha. Mwekee na ndoano ya kutundika mtandio na mkoba pale anapoviona.

Hatua ya 5: Sauti

Anayesubiri huogopeshwa zaidi na sauti ya drili ya mwenzake kuliko na kitu kingine. Mlango wa chumba cha tiba uwe wa mbao nzito usio na uwazi ndani, wenye mpira pembeni. Dari ya nyumba za Kiswahili mara nyingi huachwa wazi juu ya kuta, sauti ikahama kutoka chumba hadi chumba. Kuta zipandishwe hadi kwenye paa kabla ya jipsam kufungwa.

Kompresa, mashine inayosukuma hewa ya kuendesha drili, ndiyo adui mwingine. Watu huiweka uani kwa kuwa ua uko nyuma, na hapohapo wanaua bustani waliyoitegemea. Itafutie kijumba kwenye uchochoro wa pembeni, chenye matundu ya hewa, ikae juu ya mpira mzito, na bomba lake liingie ndani kwa kipande kinachopinda ili mtikisiko usifuate ukuta.

Muziki ni hiari ya mgonjwa. Tanga ni mji wa taarabu, lakini si kila mtu anataka taarabu huku jino linachongwa. Sauti ya maji na ndege iliyorekodiwa ipigwe chini sana, na televisheni ya taarifa ya habari izimwe.

Hatua ya 6: Harufu, na mtego wa karafuu

Ukimwambia mtu wa Tanga alete harufu ya asili, atafikiria viungo vya Amani na Muheza: karafuu, hiliki, mdalasini. Karafuu uiache. Mafuta yake ndiyo chanzo cha yujinoli, kemikali ambayo madaktari wa meno wameichanganya na oksidi ya zinki kwa zaidi ya karne kutengeneza dawa ya kuzibia jino kwa muda. Ile harufu ambayo watu huiita ya daktari wa meno, sehemu kubwa ni hiyo. Utafiti uliofanywa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa wanaoogopa daktari wa meno wakiinusa yujinoli miili yao hupokea kwa hofu, ilhali wasioogopa wanaiona harufu nzuri tu. Ukichemsha karafuu mapokezini unamkumbusha mwoga alichokuja kukisahau.

Chungwa, kwa upande mwingine, lina ushahidi mzuri. Mwaka 2000 Johann Lehrner na wenzake, Vienna, waliweka harufu ya chungwa kwenye chumba cha kusubiri cha daktari wa meno, na wanawake waliokaa humo walionyesha wasiwasi mdogo. Nawe uko jirani na Muheza, nyumbani kwa machungwa. Maganda mabichi kwenye bakuli mapokezini, yatolewe kila jioni, au mchaichai uliokatwa asubuhi. Kidogo tu. Ubani na udi viache nyumbani: moshi ni mbaya kwa mwenye pumu, na kliniki ina oksijeni. Na hakuna ganda la chungwa litakaloficha harufu ya beseni la kutemea lisilosafishwa. Mfereji wa maji machafu usipokuwa na mteremko na kizuizi cha harufu, upambaji wote ni bure.

Hatua ya 7: Rangi na mwanga

Wazo la kwanza la kila mtu ni kupaka kijani. Ukutani mwa chumba cha tiba kijani kikali kinaharibu kazi, kwa sababu daktari akilinganisha rangi ya jino bandia na meno ya mgonjwa, ukuta unarudisha rangi yake juu ya meno hayo. Jino likitengenezwa Dar es Salaam kwa rangi iliyochaguliwa chini ya ukuta wa kijani, litakuja lisilofanana na wenzake. Kuta zinazozunguka kiti ziwe za kijivu chepesi au rangi ya mchanga uliokauka. Rangi yenye nguvu kidogo, kijani kilichofifia cha jani la mkoko, iende ukuta mmoja nyuma ya daktari, mbali na mdomo. Rangi iwe ya kufutika, nusu ya kung'aa, isiyoota ukungu. Unyevu wa Tanga hauna huruma.

Taa za chumba ziwe na mwanga mweupe wa kelvini 5,000 hivi, na uwezo wa kuonyesha rangi kwa usahihi ufike 90 au zaidi; namba zote mbili zimeandikwa kwenye boksi. Kiwango cha mwangaza cha Ulaya ni lux 500 chumbani na 1,000 kumzunguka mgonjwa. Chumba kikiwa giza na taa ya kiti kali, macho ya daktari yanahangaika kati ya mwanga na kiza. Mapokezini tumia mwanga wa manjano, kelvini 3,000.

Sakafu: vinili ya kipande kimoja iliyopandishwa ukutani sentimita 10, au terazo. Ukichagua marumaru, viungo vijazwe epoksi, na chagua zisizoteleza.

Hatua ya 8: Baraza, ukumbi na kazi za mikono za Tanga

Hapa ndipo pa kujiachia. Mkonge uliingizwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, na miche 62 iliyonusurika ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Leo bado ndio uzi wa mkoa. Zulia la mkonge sakafuni mwa kliniki ni kosa, linanyonya maji na kushika madoa. Litundike ukutani. Paneli nene za mkonge zilizofumwa, zikiwekwa ukumbini mkabala na milango ya tiba, zinameza mwangwi wa ukumbi mrefu kuliko picha yoyote ya kioo.

Benchi ziwe za msaji, mti unaooteshwa kwenye shamba la Longuza, Muheza, na unaostahimili unyevu. Mwambie seremala atumie skrubu zisizoshika kutu, maana hewa ya bahari inamaliza misumari ya kawaida. Boriti za mikoko zinapendeza, ila mikoko haikatwi bila kibali. Tafuta za nyumba iliyobomolewa. Mikeka ya ukindu juu ya benchi ni sawa, iwe ya kutoka na kufuliwa.

Watu wa hapa huja na wasindikizaji. Acha baraza liwe baraza, na nafasi ya kukaa pembeni kwa wanawake wanaoitaka. Ukitundika kanga kwenye fremu, soma maneno yake kwanza. Nyingine zina kijembe ambacho mtu mwenye shavu lililovimba hatakicheka.

Tangi la samaki linatuliza kweli. Hilo limepimwa kwa wagonjwa wa meno tangu miaka ya 1980. Lakini umeme ukikatika usiku pampu inasimama, na samaki aliyeelea tumbo juu ndiye atakayempokea mgonjwa wa saa mbili asubuhi. Kama huna betri na mtu wa kulisafisha, usilinunue. Chemchemi ya ndani inayorusha matone usiiweke kabisa, kwa kuwa maji yanayozunguka bila dawa hufuga bakteria, na matone huyafikisha mapafuni.

Hatua ya 9: Ua

Panda kwa tabaka, ukianzia dirishani kwenda nyuma: mchaichai na majani mafupi, kisha asumini, kisha mlangilangi au mgomba, na mwisho mwarobaini mmoja wa kivuli, mbali na msingi na mabomba. Tafuta na mche wa mswaki, ule mti wenyewe. Watoto watauliza, nawe utapata la kuwafundisha.

Urujuani wa Usambara ulichukuliwa huku na Walter von Saint Paul-Illaire mwaka 1892, ukaenea madirishani dunia nzima. Utafaa mapokezini kwenye kivuli chenye mwanga, ukimwagiliwa chini bila kulowesha majani. Ununue kwa waoteshaji. Ule wa mwituni uko hatarini, usiung'oe. Difenbakia, ule mmea wa majani mapana yenye madoa meupe, usiuweke watoto wanapofikia, utomvu wake unavimbisha mdomo.

Visahani chini ya vyungu vijazwe mchanga. Mbu wa dengi hutaga kwenye maji kidogo yaliyosimama, na mwaka 2019 ugonjwa huo uliipata Tanga pamoja na Dar es Salaam. Bwawa dogo likiwepo, liwe na samaki walao viluwiluwi.

Hatua ya 10: Pesa zikiwa chache

Mpangilio wangu ni huu: dirisha na hewa, mlango mzito na kijumba cha kompresa, dari, taa, ua, na samani mwisho kabisa. Viti vya plastiki barazani havijawahi kumfukuza mgonjwa.

Kisha mpe mtu mmoja kazi ya utunzaji kwa jina, iandikwe kwenye ratiba kama kazi nyingine yoyote ya kliniki. Nyavu zioshwe kila mwezi. Matawi yakatwe yasiguse dirisha. Mwezi Februari, kabla ya masika, mtu apande juu asafishe mifereji ya bati na kukagua misumari, hasa juu ya picha ya dari.